Picha ya wiki ya nne: kisa cha mgonjwa wa Pemba aliyefuatiliwa baada ya upasuaji wa saratani ya ubongo

Kisa hiki kinahusu mwanamke wa Pemba, wa umri wa makamo, aliyepasuliwa glioblastoma, ambayo ndiyo saratani kali inayoonekana zaidi miongoni mwa zile zinazoanzia ndani ya ubongo wa mtu mzima. Familia imeridhia kiandikwe. Kazi yake, kijiji chake, mwaka wa matukio na majina ya hospitali yameondolewa, na baadhi ya mambo ya nyumbani yamebadilishwa ili asitambulike. Muda umehesabiwa tangu siku ya upasuaji au tangu siku ya mwisho ya mionzi. Katika ugonjwa huu hizo ndizo tarehe mbili ambazo kila picha husomwa kwazo.

Ninawaandikia matabibu, wauguzi na jamaa wanaouguza. Mgonjwa wa namna hii hapa visiwani yuko mikononi mwa watu walio mbalimbali: aliyempasua yuko kwengine, mionzi iko bara, MRI (mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya ubongo) iko Unguja, naye yuko Pemba na anayemwona kila mwezi ni sisi tulio karibu. Kila mmoja ana kipande chake cha habari. Picha za ubongo hupita kwa wote, na picha iliyosafiri bila maelezo yake inaweza kumdhuru mgonjwa kuliko kutopigwa picha kabisa. Kwa mgonjwa huyu nusura iwe hivyo.

Mgonjwa na ugonjwa

Alianza na maumivu ya kichwa ya alfajiri. Yalimkuta kabla hajainuka kitandani, yakapungua kadiri jua linavyopanda, na mara nyingi yalikuja na kutapika. Alitibiwa kipanda uso, kisha presha, kisha akapimwa macho akapewa miwani. Nyumbani alisomewa, na kisomo kiliendelea hadi mwisho bila ya kugongana na matibabu yoyote. Mwezi wa tatu mkono wa kushoto ukaanza kumwachia vitu: kikombe, ufunguo, nazi alipokuwa akikuna. Siku moja akashikwa na kifafa, cha kwanza maishani mwake, mbele ya watoto.

Kifafa cha kwanza ukubwani ni sababu tosha ya kupiga picha ya kichwa. CT, yaani picha ya kichwa kwa eksirei, ilionyesha uvimbe sehemu ya mbele ya ubongo, upande wa kulia. MRI ikaeleza zaidi: ukingo mweupe usio sawa, katikati pamekufa, na maji mengi yamezunguka. Akapewa deksamethasoni ya kupunguza maji na levetirasetamu ya kuzuia kifafa. Kichwa kikatulia ndani ya siku 2, na familia ikauliza kama upasuaji bado una haja. Ni swali la haki, na lijibiwe mapema kwa kila familia: deksamethasoni huyapunguza maji yaliyozunguka uvimbe, uvimbe wenyewe unabaki pale pale.

Upasuaji, na picha iliyokosekana

Upasuaji ulifanyika nje ya Pemba. Mpasuaji aliandika kwamba ametoa sehemu kubwa ya uvimbe ulioonekana, na kwamba ukingo wa nyuma ameuacha kwa sababu ulikaribia eneo linaloendesha mkono na mguu wa kushoto. Ni uamuzi mzuri. Mgonjwa aliamka akitembea. Maabara ikajibu: glioblastoma, daraja la 4 kwa mpangilio wa Shirika la Afya Duniani. Kipimo cha MGMT, ambacho husaidia kukisia uvimbe utaitikiaje dawa, hakikufanyika.

Baada ya upasuaji wa namna hii inatakiwa MRI yenye dawa ya kontrasti, inayodungwa mshipani ili baadhi ya sehemu zing'ae nyeupe pichani, ndani ya saa 72, na ikiwezekana ndani ya saa 48. Haraka hiyo ina sababu. Siku za mwanzo, weupe unaobaki ukingoni mwa shimo la upasuaji kwa kawaida ni uvimbe uliosalia. Siku zikizidi, kidonda chenyewe kinapopona nacho huanza kung'aa, na mng'aro huo unaweza kudumu kwa wiki nyingi. Kuanzia hapo, kutenganisha mabaki na kovu ni kazi ngumu.

Wiki ile mashine ya MRI ilikuwa mbovu. Ilipigwa CT bila kontrasti ili kuona kama kuna damu iliyovuja ndani. Hakukuwa na damu. Swali la pili, yaani kimebaki kiasi gani, halikujibiwa, na wala hakuna aliyeandika kwenye faili kwamba halikujibiwa. Wiki ya 5, MRI ya kupanga mionzi ilipofanyika, ukingo wa nyuma ulionyesha weupe wa sentimita 2.0 kwa 1.6. Mabaki? Kidonda? Pengine vyote viwili. Hicho ndicho kipimo cha kulinganishia alichoanza nacho, na kilikuwa na shaka tangu siku ya kwanza.

Mionzi

Mionzi ilianza Dar es Salaam wiki ya 6. Mpango wake ndio unaotumika sehemu nyingi duniani tangu mwaka 2005, lilipochapishwa jaribio lililoongozwa na Roger Stupp: gray 60 (gray ni kizio cha kupimia mionzi) zinazogawanywa mara 30, siku 5 kwa wiki kwa wiki 6, pamoja na vidonge vya temozolomaidi, dawa ya saratani, kila siku, kisha mapumziko ya wiki 4, halafu mizunguko 6 ya temozolomaidi, siku 5 katika kila siku 28. Katika jaribio lile, waliopata mionzi na dawa, muda wa kati wa kuishi ulikuwa miezi 14.6, na waliopata mionzi peke yake miezi 12.1. Baada ya miaka 2 walikuwa hai asilimia 26.5 dhidi ya 10.4.

Mgonjwa alizitaka hesabu hizi mwenyewe, na alipewa. Alielezwa pia kwamba muda wa kati una maana ya kwamba nusu ya watu huishi zaidi ya hapo na nusu hawafiki. Aliuliza maswali mengi zaidi kuliko kaka zake.

Alikaa kwa ami yake Dar es Salaam muda wote huo. Alimaliza mionzi yote 30, akarudi Pemba akiwa na uchovu, nywele zimetoka upande mmoja, deksamethasoni miligramu 4 kwa siku, na vidonge vya kotrimoksazoli alivyokuwa akinywa kuzuia maradhi ya mapafu. Karatasi ya muhtasari wa mionzi, yenye tarehe ya kumaliza na kipimo alichopata, ilisahaulika kwa ami.

Picha ya wiki ya nne

Wiki 4 baada ya mionzi ni wakati wake wa kupiga MRI. Mwongozo wa kimataifa wa kupima maendeleo ya uvimbe huu, uitwao RANO, katika toleo la mwaka 2023 unaichukua picha hii kuwa ndiyo msingi wa kulinganishia zote zinazofuata. Alipelekwa Unguja na mtoto wa kaka yake. Karatasi ya maombi ilikuwa na sentensi mbili: ana uvimbe wa ubongo, amepasuliwa, tunaomba MRI ya kufuatilia. Haikutaja mionzi, wala dawa, wala tarehe. Diski za picha za zamani zilibaki kabatini Pemba.

Majibu yalisema weupe sasa ni sentimita 2.9 kwa 2.4, maji yameongezeka, na kwamba hali hii inaashiria saratani imerudi na inaendelea kukua. Vipimo vya MRI ya kupanga mionzi viliandikwa kwenye faili alilobeba, kwa hiyo mtaalamu wa radiolojia aliweza kulinganisha tarakimu. Alipima sawasawa. Ukizidisha urefu kwa upana, eneo limekuwa zaidi ya mara mbili, wakati kigezo cha kusema uvimbe umekua ni ongezeko la asilimia 25. Mtu aliyepewa sentensi mbili zile hakuwa na sababu ya kuandika jambo jingine.

Bahasha ilifunguliwa ndani ya boti. Kijana aliisoma, akatafuta maneno kwenye simu, akawapigia wakubwa zake. Boti ilipofunga gati Mkoani, ukoo mzima ulikuwa umeshajua isipokuwa mgonjwa, naye alijua kwa kuziangalia nyuso za waliokuja kumpokea. Usiku ule familia ikakata shauri: vidonge visianze, kwa kuwa dawa imeshindwa, na kaka mkubwa auze shamba la mikarafuu, mgonjwa apelekwe India. Mnunuzi alipatikana ndani ya wiki hiyo. Mgonjwa akaacha kula.

Uamuzi wa kusubiri

Kaka alikuja kliniki na bahasha mkononi kuomba barua ya rufaa. Kabla ya barua, timu iliomba ipewe siku 2 za kukusanya habari zilizokosekana. Ami alipigiwa simu. Akaupiga picha muhtasari wa mionzi na kuutuma kwa WhatsApp. Diski za zamani na mpya zikawekwa pamoja na kuangaliwa na mtaalamu mwingine. Mgonjwa akapimwa upya kuanzia kichwani hadi miguuni.

Yaliyopatikana yaligeuza sura ya picha. Mionzi ilikuwa imekwisha wiki 4 tu kabla ya MRI. Weupe wote ulikuwa ndani ya eneo lililopata mionzi kamili. Nje ya eneo hilo hapakuwa na kitu. Mkono wa kushoto ulikuwa na nguvu ile ile aliyotoka nayo Dar es Salaam, hakuwa ameshikwa na kifafa tena, na maumivu ya kichwa yalikuwa madogo. Na siku 10 kabla ya picha, deksamethasoni ilipunguzwa kutoka miligramu 4 hadi 2.

Kila moja ya habari hizi ina uzito wake. Kontrasti haipaki saratani rangi. Inaonyesha mahali mishipa midogo ya ubongo inapovuja, na saratani ni moja tu ya mambo yanayoivujisha. Mionzi pamoja na temozolomaidi huidhuru mishipa hiyo, ikavuja kwa wiki au miezi, na picha ikang'aa mahali pale pale palipokuwa na uvimbe. Huu ndio ukuaji bandia. Huwapata takriban mgonjwa 1 kati ya 5 hadi 1 kati ya 3, wengi wao katika miezi 3 ya mwanzo baada ya mionzi. Kwa sababu hiyo RANO inataka, ndani ya wiki 12 za mwanzo, ongezeko la weupe lithibitishwe kwa picha ya pili kabla ya kuitwa ukuaji. Deksamethasoni nayo huziba uvujaji huo, hivyo ukiipunguza kabla ya picha, weupe unaweza kuonekana mkubwa bila ya uvimbe kukua hata chembe.

Njia zilizojadiliwa zilikuwa nne. Kupasua tena na kupeleka nyama maabara kungeleta jibu la hakika zaidi, lakini kwa mgonjwa aliye imara, na uvimbe ulio jirani na eneo la mkono, hatari yake ilikuwa kubwa kuliko faida. Kubadili dawa: ungeachana na dawa ambayo huenda inafanya kazi. Zipo pia aina za MRI zinazopima mtiririko wa damu ndani ya eneo linalong'aa, kwa kuwa saratani hai kwa kawaida ina damu nyingi na kidonda cha mionzi kina kidogo; hilo lilitafutwa na halikupatikana kwa wakati. Ikabaki kuanza mizunguko ya temozolomaidi kama ilivyopangwa, kumwangalia kwa karibu, na kurudia MRI baada ya wiki 8.

Kaka mkubwa hakuridhika mara moja. Alisema kusubiri ni kukaa bure wakati ugonjwa unatembea. Alijibiwa kwamba mgonjwa hatakaa bure; atakuwa ndani ya dawa. Kama ukuaji ni bandia, tutakuwa tumeliokoa shamba na tumeiokoa dawa. Kama ni wa kweli, wiki 8 za temozolomaidi zitakuwa zimempa mgonjwa karibu kila kitu ambacho hospitali ya India ingempa katika wiki hizo hizo. Hakuna aliyemwahidi kwamba ni bandia. Aliomba jambo moja, na ni ombi zuri: tarehe ya MRI ya pili iandikwe na ipigwe mhuri, isiwe maneno matupu. Ikaandikwa. Mnunuzi wa shamba akaambiwa asubiri.

Wiki nane

Lilikuwepo suala la dozi ambalo ni rahisi kulipita. Picha mpya ilionyesha maji zaidi, na mazoea yangekuwa kuipandisha deksamethasoni mara moja. Lakini ingepandishwa, na weupe ukapungua wiki 8 baadaye, tungebaki kuuliza kama ni uvimbe uliotulia au ni dawa iliyoziba. Ilikubaliwa dozi ibaki miligramu 2 maadamu mgonjwa yuko imara, na ipandishwe bila kusita akipata dalili. Mgonjwa hutangulia picha. Alikwenda wiki zote 8 kwa dozi hiyo hiyo.

Binti yake, ambaye ni mwalimu wa skuli, alipewa daftari. Kila Ijumaa aliandika mambo matatu: je, mama anainuka kitini bila ya kujisukuma kwa mikono, je, anafunga vifungo vyote vya nguo mwenyewe, je, anaweza kukaa kwenye mbuzi na kukuna nusu ya nazi akiishika kwa mikono miwili. La kwanza lilichaguliwa kwa sababu deksamethasoni ya muda mrefu hudhoofisha mapaja, na watu wakadhani ni uvimbe. Mawili ya mwisho yalikuwa kipimo cha mkono wa kushoto. Mtihani wa nazi ulibuniwa na muuguzi wa kliniki, na nimeona tangu hapo kwamba unaeleza habari kuliko kumwambia mgonjwa akubane vidole. Sukari ilipimwa kila wiki 2, kwa sababu ya dawa hiyo hiyo.

Walipewa pia dalili za kutosubiri tarehe yoyote: kutapika asubuhi pamoja na kichwa kinachozidi, usingizi usio wa kawaida, mkono au mguu unaozidi kulegea, kifafa kinachopita dakika 5, na homa, kwa kuwa temozolomaidi hupunguza chembe za damu.

Kurasa 8 za daftari zilikuwa karibu sawa. Wiki ya 5 iliandikwa "nazi amekuna yote, hakutaka kuniachia".

MRI ya pili ilipigwa kwenye mashine ile ile, na karatasi ya maombi ilijaa: tarehe ya upasuaji, mwisho wa mionzi na kipimo chake, mizunguko 2 ya temozolomaidi, dozi ya deksamethasoni siku ya picha hii na siku ya picha iliyopita, na swali lenyewe: je, weupe uliokuwepo wiki ya 4 umeongezeka, umebaki, au umepungua? Diski zote zilisafiri. Kreatinini ilipimwa Pemba wiki moja kabla, ili asije akarudishwa mlangoni kwa kukosa kipimo cha figo. Na ilipangwa kwamba bahasha itoke radiolojia iende moja kwa moja kwa daktari aliyewasubiri Unguja, awasomee wakiwa wamekaa.

Sentimita 2.0 kwa 1.7. Maji yamepungua. Kaka mkubwa, aliyesafiri mwenyewe safari hii, aliomba aonyeshwe picha zote tatu kwa mfuatano, akazitazama kwa muda mrefu, kisha akampigia simu mnunuzi.

Miezi iliyofuata

Alimaliza mizunguko yote 6. Wa nne ulicheleweshwa kidogo na dozi ikapunguzwa kwa sababu chembe sahani za damu zilishuka. MRI ya mwezi wa 8 tangu upasuaji ilionyesha hali ile ile. Alirudi kupika, akahudhuria harusi mbili za ukoo.

Mwezi wa 9, alipomaliza vidonge, timu ilikaa naye na binti yake kuzungumza kuhusu siku ambayo ugonjwa utarudi. Alisema wazi: asipelekwe India, asipasuliwe tena, na akizidiwa awe nyumbani kwake. Mazungumzo yale yaliandikwa kwenye faili.

MRI iliyofuata ilikuwa iwe mwezi wa 11. Kusi lilikuwa limeshika, bahari imechafuka, na mgonjwa alikuwa mzima wa kutosha hata familia ikaona haina haja ya kumtesa kwa safari. Ikapigwa CT karibu na nyumbani. Majibu: hakuna mabadiliko makubwa. Kila mtu alifarijika. Lakini CT ile ililinganishwa na MRI, na hivyo ni vitu viwili tofauti; CT inaweza kuonyesha damu au maji mengi yanayosukuma ubongo, ila ukingo mdogo unaoanza kung'aa huipita.

Ukuaji wa kweli

Mwezi wa 13 binti aliandika daftarini kitu ambacho hakikuwa katika yale mambo matatu. Mama amekuwa kimya. Adhuhuri amesali rakaa tatu akatoa salamu, na alipokumbushwa akakasirika, naye si mtu wa hasira. Nazi bado alikuwa akiikuna vizuri. Yaani mkono ulikuwa salama, kilichoguswa ni sehemu nyingine.

MRI ilionyesha weupe mpya uliovuka katikati ya ubongo kuelekea kushoto, sehemu yake ikiwa nje ya eneo lililopata mionzi kamili. Deksamethasoni haikuwa imebadilishwa, mionzi ilikuwa imepita zaidi ya miezi 9, na mgonjwa mwenyewe alikuwa amebadilika. Safari hii hapakuwa na cha kusubiri.

Upasuaji haukuwa na nafasi kwa uvimbe uliovuka katikati. Kurudia temozolomaidi kulijadiliwa, pamoja na lomustini, dawa nyingine ya saratani, ambayo haikupatikana. Bevasizumabu pia iliulizwa na familia, waliyoisoma mtandaoni. Inapunguza maji, na huifanya picha ionekane nzuri haraka kwa kuziba uvujaji; katika majaribio makubwa ya wagonjwa wapya haikurefusha maisha. Kwa bei yake, na kwa aliyoyasema mgonjwa mwezi wa 9, familia iliamua kutoifuata. Deksamethasoni ilipandishwa, levetirasetamu ikaendelea, morfini ya maji ikaongezwa baadaye. Alifariki nyumbani mwezi wa 16.

Uchambuzi

Kosa kubwa la kisa hiki halikuwa la mtu aliyeisoma picha ya wiki ya 4. Lilikuwa katika karatasi ya maombi. Picha ilifika ikiwa na ubongo, ikakosa kalenda. Tarehe ya mwisho wa mionzi na dozi ya deksamethasoni ni maneno machache, na ndiyo yaliyotenganisha "saratani imerudi" na "tuthibitishe baada ya wiki 8". Tabibu wa karibu, hata asiye na mashine yoyote, ndiye mwenye habari hizo. Kwa maoni yangu hapo ndipo mchango wake mkubwa kuliko mwengine wowote katika ugonjwa huu.

Bahasha kupewa msafiri bila ya mtu wa kuieleza ni jambo la pili. Familia zetu zitafungua bahasha. Ni ya kwao na wana haki nayo. Suala ni nani yupo pale inapofunguliwa. Familia hii pia haikuwa imeambiwa kabla ya safari kwamba picha ya kwanza baada ya mionzi inaweza kuonekana mbaya na isiwe mbaya. Ingeambiwa, kijana yule ndani ya boti angekuwa na swali la kuuliza badala ya hukumu ya kupeleka nyumbani.

MRI iliyokosekana ndani ya saa 72 ilitugharimu hadi mwisho. Kama ingekuwepo, ule ukingo wa sentimita 2.0 kwa 1.6 ungejulikana ni nini, na mjadala wa wiki ya 4 ungeanzia mahali pa uhakika zaidi. Mashine huharibika. Ila ikiharibika, iandikwe kwenye faili kwamba swali la mabaki halikujibiwa, ili anayefuata asidhani CT ile ililijibu.

Kuhusu ratiba, ninajua si wote watakaokubaliana nami. Mwongozo wa miezi 2 hadi 3 kati ya picha na picha umejengwa zaidi juu ya maafikiano ya wataalamu kuliko juu ya majaribio yanayoonyesha kwamba kuwahi kuugundua uvimbe uliorudi huongeza maisha. Kwa mgonjwa wa Pemba, ambaye kila picha ni boti, nauli ya watu wawili na siku kadhaa za kulala kwa watu, ningependelea MRI chache zilizo kwenye mashine moja, zenye maombi kamili na diski zote, kuliko nyingi zilizochanganywa na CT. Picha ya CT ya mwezi wa 11 haikuwa nusu ya MRI. Ilitupa utulivu ambao haikuwa na uwezo wa kuutoa. Kama bahari haikuruhusu, bora ingekuwa kuahirisha na kulitegemea daftari, kwa kujua kwamba tunalitegemea daftari.

Daftari lenyewe lilifanya kazi zaidi ya tulivyolikusudia, ingawa maswali yake yalikuwa na pengo. Uvimbe wa mbele hugusa tabia, kumbukumbu na mpangilio wa mambo, na sisi tuliuliza mkono na mguu tu. Sasa daftari linalotolewa kliniki lina swali la nne: je, yupo kitu alichokuwa akikifanya bila kufikiri, kama sala, hesabu ya dukani au kupika chakula alichokizoea, ambacho sasa anakikosea?

Baada ya MRI ya mwisho kaka mkubwa aliuliza mara mbili kama ipigwe nyingine. Aliulizwa naye: majibu yakisema umekua zaidi, tutafanya nini tofauti? Na yakisema umebaki hivyo hivyo? Alifikiri, akasema hakuna. Haikupigwa.

Linalobaki kuwa gumu ni ile miezi mitano kati ya MRI ya mwezi wa 8 na ile ya mwezi wa 13. Kwa uvimbe uliorudi kwa namna ile, sidhani kwamba MRI ya mwezi wa 11 ingemwongezea siku nyingi. Lakini mwezi wa 11 alikuwa bado anajisemea mwenyewe. Matakwa yake ya matibabu alikwisha kuyatoa. Mengine alikuwa ameyaweka hadi atakapoambiwa kwamba wakati umefika: deni alilokuwa akidai, wasia, na lile shamba la mikarafuu ambalo sehemu yake alitaka kumwandikia binti. Alipoambiwa, mwezi wa 13, hakuweza tena kulifuatilia jambo moja hadi mwisho, na familia iliyamaliza bila yake.